SOMO LETU: MZIGO NA MKONO MREFU WA MASHINE

Ndugu Wanachama,

Katika migodi ya dhahabu ya bara, kama vile Geita, ulioanza kazi mwaka 2000, na Bulyanhulu huko Kahama, mkoani Shinyanga, mizigo mizito hainyanyuliwi kwa mabega. Miongoni mwa mashine za kazi hiyo ni telehendla: ina magurudumu manne, uma wa vyuma viwili mbele, na mkono unaorefuka na kufupika mfano wa darubini ya nahodha. Mashine hii yafaa pia kwa bandari na maghala, basi nasi wenye magunia ya karafuu yatupasa kuijua, kwani ikipinduka huponda mahamali walio karibu.

Kanuni yake ni hii: uzito hauhesabiwi peke yake, bali pamoja na umbali wake kutoka magurudumu ya mbele. Shika frasila moja ya karafuu kifuani, kisha nyosha mikono. Uzito ni ule ule, lakini mgongo utakwambia mengine. Magunia 40 ya kilo 50 ni tani 2. Mashine ambayo mwisho wa nguvu zake ni tani hizo, umbali ukiwa maradufu haiwezi hata tani 1, kwa kuwa mkono nao una uzito wake. Ikilazimishwa, magurudumu ya nyuma huinuka.

Basi yashikwe haya:

1. Uzito ujulikane kwanza, kisha dereva asome jedwali lililomo ndani ya mashine.

2. Ardhi iwe sawa na ngumu. Udongo mweusi wa mbuga za Shinyanga hulainika kwa mvua. Nasi Pemba tuna miteremko. Mashine yenye miguu ya kuegemea, miguu hiyo iteremshwe kabla ya kunyanyua.

3. Uma uingie wote chini ya mzigo, kisha ulazwe nyuma kidogo.

4. Wakati wa kwenda, mkono ufupishwe na mzigo uwe chini.

5. Wakati wa kushusha, mkono ufupishwe kwanza. Mkono mrefu ukishushwa kutoka juu, mzigo husogea mbele na hatari huzidi, ingawa macho huona unateremka salama.

6. Mtu asipite chini ya mzigo, wala asipandishwe juu ya uma.

Mwenye ghala na awafundishe mahamali wake kabla ya msimu. Karafuu zilizomwagika huzoleka. Roho ya mtu hairudi.

Wasalaam,
Katibu