KUTUNDIKA DALUGA KABLA MGUU HAUJAGOMA



Kila Jumatatu asubuhi, akina baba waliocheza mechi ya maveterani jana yake huwatambua hata kabla hawajasema neno. Huingia wakichechemea, mkono mmoja umeshika ukuta. Siku moja alikuja baba wa miaka 43 pamoja na mkewe. Goti lake lilikuwa limevimba na lina maji.

"Sista, nichome sindano tu," aliniambia. "Jumamosi tuna fainali."

Kabla sijamjibu, mkewe akasema: "Sista, mwulize nani atalima wiki nzima yeye akiwa amelala."

Baba yule akainamisha kichwa. Swali la mama huyu ndilo somo letu la mwezi huu: mchezaji wa siku nyingi aache lini, na familia yake ina neno gani katika uamuzi huo?

Mfano wa Batistuta

Wapenzi wa mpira wanamkumbuka Gabriel Batistuta wa Argentina, aliyezaliwa mwaka 1969. Alikuwa mshambuliaji hodari. Alichezea Fiorentina ya Italia toka mwaka 1991 hadi 2000, kisha akahamia Roma na kutwaa ubingwa wa Italia mwaka 2001. Vifundo vyake vya miguu vilikuwa vikimwuma, lakini aliendelea kucheza. Alimalizia mpira wake nchini Qatar, akastaafu mwaka 2005 akiwa na miaka 36.

Mwaka 2014 alieleza hadharani yaliyompata baada ya hapo. Muda mfupi tu baada ya kuacha, alishindwa kutembea. Usiku mmoja alijikojolea kitandani, ingawa choo kilikuwa hatua chache tu, kwa sababu hakuthubutu kukanyaga chini. Alimwendea daktari akamwomba amkate miguu. Daktari alikataa. Mwaka 2019 alifanyiwa upasuaji huko Uswisi, akawekewa kifundo cha bandia mguu wa kushoto.

Mtu huyu ana mke na watoto wanne wa kiume. Watazamaji waliona mabao, lakini maumivu ya usiku yaliishia nyumbani kwake.

Kwa nini hutokea hivyo?

Mwisho wa kila mfupa, mahali mifupa miwili inapokutana, pana gegedu. Hii ni kama mto laini unaozuia mifupa kusagana. Gegedu haina mishipa ya damu, kwa hiyo ikichakaa hairudi upesi kama kidonda cha ngozi kinavyopona. Maumivu ni kengele ya kutuonya. Anayemeza dawa ili acheze amefunga kengele mdomo, lakini moto bado unawaka. Tena dawa kama diklofenaki, zikitumiwa mara kwa mara bila ushauri, zaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Dalili za kutopuuza

1. Kiungo kinavimba kila baada ya mechi, au kinauma hata usiku ukiwa umelala.
2. Goti linakwama, au linaachia ghafla unapotembea.
3. Huwezi kucheza bila kumeza dawa kwanza.
4. Umegongwa kichwa ukazimia, ukatapika au ukachanganyikiwa. Usirudi uwanjani siku hiyo, nenda hospitali.
5. Kifua kinabana, au unasikia kizunguzungu ukikimbia. Acha mara moja, uende hospitali bila kuchelewa.
6. Kiungo kimevimba, kina joto, na una homa. Usingoje kesho.

Kikao cha nyumbani

Akina baba, mguu huo si wa timu peke yake. Ndio unaokwenda shambani na kazini, na ndio utakaombeba mjukuu. Kaa na mama watoto mhesabu pamoja: mwaka huu nimekosa siku ngapi za kazi kwa sababu ya mpira? Dawa zimekula kiasi gani? Ni Jumapili ngapi watoto wameniona?

Akina mama, nanyi msimcheke. Mpira umempa jina, marafiki na heshima tangu ujana wake. Kuuacha ni kama kufiwa. Wengine hunyamaza, hukosa usingizi, au huanza kunywa pombe kupita kiasi. Mkiona hivyo, mleteni tuzungumze. Mpeni nafasi ya kubaki karibu na uwanja: awafundishe vijana, au apulize filimbi.

Kustaafu si kulala kitini. Endelea kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli karibu kila siku. Punguza chakula kidogo, maana kilo moja ya ziada mwilini hulielemea goti kama kilo nne katika kila hatua. Na ukishapita miaka 40, pima shinikizo la damu na sukari walau mara moja kwa mwaka.

Baba yule sikumchoma sindano ya kumrudisha uwanjani. Nilimfunga bendeji, nikamwambia apumzike, aweke kitambaa cha maji baridi, na ainue mguu anapokaa, kisha nikampa siku ya kuja kumwona daktari. Fainali aliitazama kutoka pembeni. Hajatundika daluga bado, lakini aliporudi aliniambia: "Sista, tumeanza kuzungumza na mama Neema." Hapo ndipo pa kuanzia.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Je, katika nyumba yetu yupo anayeficha maumivu ili asiache kazi au mchezo anaoupenda?
2. Baba akiacha mpira, sisi tutamsaidiaje asijione hana thamani?
3. Ni kazi gani ya nyumbani tunayotaka aweze kuifanya akiwa na miaka 60?