Gari Kupanda Ndege: Hesabu Niliyompigia Mjomba

Wanachuo wenzangu, kuna biashara tamu mdomoni kabla hujashika kalamu: kuagiza magari kwa ndege. Mjomba wangu wa Kahama anataka kuuza ng'ombe 12 aingie humo. Kwa kuwa nasoma ugavi, kanipa kazi ya kumpigia hesabu.

Hoja yake ina akili. Huku kwetu, Kahama mpaka Geita, pesa ya dhahabu haiji mwisho wa mwezi kama mshahara. Duara likitema leo, mwenye duara anataka gari wiki hii hii. Mwambie asubiri meli ya Japani wiki nne mpaka sita uone kama pesa haijapata kazi nyingine.

Tatizo ni namna ndege inavyopima mzigo. Unatozwa kwa uzito halisi au uzito wa ujazo, ule uliozidi. Uzito wa ujazo ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 6,000. Chukua IST za zamani zilizojaa mjini: 385 × 170 × 153, gawanya, unapata kama kilo 1,669. Gari lenyewe halifiki kilo 1,300. Yaani unalipia hewa iliyomo ndani! Tuseme, kwa mfano tu, umelinunua dola 4,000 na nauli ni dola 3 kwa kilo. Nauli inafika dola 5,007, imelipita gari, na ushuru bado. Land Cruiser ndiyo usiseme.

Halafu gari huhesabiwa kama mzigo hatarishi: mafuta kwenye tangi yasizidi robo, betri ifungwe isicheze. Na likishuka Dar, bado lina karibu kilomita 1,000 za lami mpaka Shinyanga. Ndege ya mizigo ya Air Tanzania, Boeing 767 iliyofika Juni 2023, inabeba tani 54, lakini kubeba si kulipa.

Wapo waliowahi kuifanya. Mwaka 1948 Silver City Airways ya Uingereza ilianza kuvusha magari kwa ndege kwenda Ufaransa, safari fupi tu ya kuruka mlango wa bahari. Ilistawi miaka kadhaa, kisha feri za bei chee zikaimaliza. Siku hizi matajiri wa Ghuba husafirisha magari yao ya kifahari kwa ndege kwenda London wakati wa kiangazi. Hao hawauzi IST.

Nilichomwambia mjomba ni kwamba haraka anayotaka kuinunua angani anaweza kuinunua yadi. Alete gari mojamoja kwa meli, liegeshwe Kahama likingoja duara liteme. Mtaji utalala, kweli, ila haulali kwa dola 5,000 kwa gari.

Ndege inawafaa wenye thamani kubwa katika kilo chache. Kilo moja ya dhahabu inapita dola 60,000, ndiyo maana migodi huisafirisha kwa ndege. Kwa upande wa kuingiza, pampu ya eskaveta ya kilo 40 inafaa, kwa sababu mashine ikisimama kila saa ni hasara na mwenye mgodi habishani sana na nauli.

Mjomba alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Nozeli za injini ya dizeli zina kilo ngapi, mpwa?" Ng'ombe bado wako zizini.