Tingatinga, Mtu wa Kazi Nyingi

Katika mjadala wa chama chetu muhula uliopita, wapinzani walitumaliza kwa methali moja tu: mshika mbili moja humponyoka. Makofi yakapigwa, sisi tukashindwa. Mfano wa kuwajibu ulinijia nikiwa njiani kwenda nyumbani, tena nimechelewa! Basi nautoa hapa.

Ukisikia tingatinga labda utafikiria trekta. Huyu ni mtu, Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alitoka kwao kutafuta riziki, akafanya kibarua katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akaingia Dar es Salaam akawa mtunza bustani wa Mzungu. Aliuza matunda na mboga. Alipiga muziki. Hata alipokuwa ameshaanza kuchora aliajiriwa hospitali ya Muhimbili. Wapinzani wangu wangesema yote yamemponyoka.

Alianza kuchora 1968, akiwa na miaka 36. Wakati huo picha za wachoraji wa Kongo zilikuwa zikiuzwa mjini, naye akaona mbona hata yeye anaweza. Wengine husema alikumbuka michoro ya kuta za nyumba za udongo kwao kusini. Wataalamu hubishana, lakini mimi sioni kwa nini isiwe yote mawili.

Turubai la wasanii ni ghali. Yeye alichukua ubao mwembamba wa dari, mraba wa kama sentimita 60, na rangi ya baiskeli. Sasa tazama hapa vizuri. Rangi hiyo ni nzito, inang'aa, wala si rahisi kuififisha polepole kama rangi ya maji. Kwa hivyo unapaka ubao wote rangi moja, unangoja ukauke, unamchora chui, unangoja tena, ndipo unatia madoa. Ule mtindo tunaousifu, nusu yake ni kazi ya mkebe wa rangi.

Picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Aliwafundisha jamaa zake, na mmoja wao, Simon Mpata, alikuja Nairobi. Ile hoteli ya Mpata kule Maasai Mara ina jina lake. Mwaka 1972 polisi walimpiga Tingatinga risasi wakimdhania mhalifu anayetoroka. Alikuwa amechora miaka minne tu. Wanafunzi wake hawakuacha, na 1990 wakaunda chama cha ushirika.

Huku Ukambani jambo hili si geni. Mutisya wa Munge wa Wamunyu alikwenda Tanganyika kwa sababu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, si kwa sababu ya sanaa. Huko akawaona wachongaji, na aliporudi akaanzisha uchongaji unaolisha familia nyingi hadi leo. Vita navyo tuviite kazi iliyomponyoka?

Mimi pia huchora, ingawa nyumbani naambiwa niache nishike hesabu. Juzi fundi wa baiskeli hapa Kitui alinipa mabaki ya rangi nyeusi na ya manjano. Nilimchora twiga juu ya kipande cha dari, nikatia madoa kabla hajakauka. Madoa yakachuruzika mpaka kwato. Hesabu nimefanya, nimemaliza. Rangi ya manjano bado iko robo mkebe.