Somo la Hesabu: Muhogo, Mpunga na Kibarua

Wanachama kadhaa wamekuja ofisini na kuuliza: kabla ya msimu wa kuchuma karafuu, ardhi iliyo wazi ipandwe nini, na kibarua alipwe kiasi gani? Maswali haya mawili yana hesabu moja.

Natuchukue mfano. Mtu ana ekari 4 na siku za kazi 100. Ekari ya muhogo yataka siku 20, na faida yake ni Sh. 200,000. Ekari ya mpunga yataka siku 40, faida Sh. 300,000. Twaa karatasi, ekari za muhogo uzihesabu kwenda kulia, za mpunga kwenda juu. Piga mstari wa ardhi, kutoka muhogo 4 hadi mpunga 4. Kisha mstari wa kazi, kutoka muhogo 5 hadi mpunga 2½. Linalowezekana ni lile lisilovuka mstari wowote katika hiyo miwili.

Sasa fikiri. Kila hatua ya upande mmoja huongeza faida kwa kiasi kile kile. Basi ukielekea inakozidi, huna sababu ya kusimama mpaka mstari ukuzuie. Nawe ukiufuata mstari huo, utasimama penye pembe. Kwa hivyo twapima pembe tu. Muhogo mtupu, ekari 4: Sh. 800,000. Mpunga mtupu, ekari 2½: Sh. 750,000. Mistari inapokatana, muhogo 3 na mpunga 1: Sh. 900,000. Hapo ndipo.

Lakini faida ya ekari ya mpunga ikifika Sh. 450,000, mchanganyiko huleta Sh. 1,050,000 na mpunga mtupu Sh. 1,125,000, ingawa ekari 1½ yabaki tupu. Wazee hawatapenda kusikia hayo! Ila kilichopunguka ni mikono, si ardhi.

Turudi kwenye faida ya kwanza. Siku ya kazi ikiongezwa moja, pembe yasogea na faida yazidi Sh. 5,000. Kibarua akitaka zaidi ya hapo kwa siku, ni hasara kumwajiri.

Leonid Kantorovich wa Leningrad aliandika hesabu za namna hii mwaka 1939, baada ya kuulizwa habari za mashine za kiwanda cha plaiwudi. Mwaka 1947 Mmarekani George Dantzig akavumbua njia ya kwenda pembe hadi pembe, hata mazao yakiwa mia na karatasi isitoshe.

Atakaye kujaribu alete ekari zake, siku zake na faida zake. Rula ipo ofisini.