Mpangilio wa Maandishi na Nafasi katika Seli za Lahajedwali

Lahajedwali ni jedwali la hesabu linaloendeshwa kwa kompyuta. Pale safu ya wima inapokutana na safu ya mlalo hupatikana kisanduku kiitwacho seli, jina la kuazima tu lisilohusiana na chembe hai za somo la biolojia. Lahajedwali la kwanza kupata soko katika kompyuta ndogo lilikuwa VisiCalc, kazi ya Dan Bricklin na Bob Frankston, mwaka 1979. Siku hizi walimu wengi hutunza alama za wanafunzi kwa programu kama Excel. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupanga maandishi ndani ya seli, na kwa nini jambo hilo, lionekanalo kuwa la urembo tu, laweza kuficha kosa la hesabu.

1. Kanuni ya msingi

Mtumiaji asipotoa agizo lolote, Excel huegemeza maneno kushoto mwa seli na nambari kulia. Maneno yetu huanza kushoto, na jicho hutafuta mwanzo wake hapo. Nambari hulinganishwa kwa thamani ya nafasi: mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi. Zikiwa na desimali, zipewe idadi sawa ya tarakimu baada ya nukta, ili nukta nazo zikae katika mstari mmoja wa wima.

2. Mpangilio ukiwa dalili

Tuchukue mfano. Seli B2, B3 na B4 zina alama 64, 71 na 58. Iwapo 71 iliingizwa kama maandishi, kwa mfano kwa kutanguliwa na alama ya ritifaa, itaegemea kushoto peke yake. Fomula =SUM(B2:B4) huruka maandishi, kwa hiyo itatoa 122 badala ya 193. Wastani nao utakuwa 61 badala ya 64.33, na jibu litatolewa bila onyo. Mwalimu aliyekwisha kuweka alama zote katikati ya seli kwa ajili ya kupendeza ameifuta dalili hiyo.

Basi, kabla ya kupamba, hakiki. Andika =COUNT(B2:B4), fomula ihesabuyo nambari pekee. Ikitoa 2 badala ya 3, tafuta seli yenye kasoro, ibadilishe iwe ya nambari, kisha uandike alama upya. Hata hivyo, namba ya mtahiniwa kama 0012 yafaa ibaki maandishi, la sivyo sifuri za mbele zitapotea.

3. Nafasi ndani ya seli

Wako wanaosogeza neno kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara kadhaa. Jambo hili liepukwe. Kila nafasi huhifadhiwa kama herufi, na kwa kompyuta jina lililotanguliwa na nafasi si sawa na jina lile lile lisilo na nafasi. Kulipanga kialfabeti na kulioanisha na orodha nyingine huharibika. Njia sahihi ni kutumia agizo la kujongeza, ambalo hubadili umbali kutoka ukingoni bila kugusa yaliyoandikwa.

Kichwa kirefu cha safu kikunjwe ndani ya seli, au kikatwe kwa kubonyeza Alt na Enter pamoja. Kwa wima, maandishi hukaa chini ya seli yasipoagizwa vingine. Yaweza kupelekwa juu au katikati. Maagizo ya mpangilio yamo katika dirisha lifunguliwalo kwa Ctrl na 1.

4. Zoezi

Katika A2 andika nafasi tatu, kisha jina Asha. Katika B2 andika =LEN(A2), na katika C2 =LEN(TRIM(A2)). Kabla ya kutazama, kisia majibu.

Jibu: B2 itaonyesha 7, na C2 itaonyesha 4, kwa kuwa TRIM huondoa nafasi za mwanzo na za mwisho. Mwanafunzi aeleze kwa nini kujongeza jina kwa agizo hakungebadili hesabu ya herufi.