Onyo Mlangoni: Wajibu wa Anayeandika, Anayesoma na Anayetuma

Maandiko ya somo: Kumbukumbu la Torati 22:8; Kutoka 21:33-34; Mithali 22:3; 1 Wakorintho 10:23-33



Katika ibada ya vijana mwezi huu kijana mmoja aliuliza hivi: "Pastor, kama hadithi imewekwa onyo pale mwanzo na mimi nikasoma tu, kosa ni la nani? La aliyeandika ama langu?" Wenzake walicheka, lakini swali lenyewe si la kuchekwa. Somo la wiki hii ni jibu lake. Wazazi, msiruke ukurasa huu mkidhani ni wa vijana, kwa maana simu nyingi zinazosomewa hizo hadithi ni zenu.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kuna hadithi za mtandaoni zinazoitwa hadithi za mashabiki. Mtu amependa filamu, kitabu, ama mchezo wa runinga kutoka Korea. Mchezo unaisha, yeye hataki uishe. Basi anachukua wahusika wale wale, anawaandikia mambo mapya, halafu anayaweka mtandaoni watu wasome bure. Wattpad, iliyoanzishwa mwaka wa 2006 na ambayo makao yake ni Toronto, Kanada, ina hadithi nyingi za namna hiyo. Kuna nyingine inaitwa Archive of Our Own, iliyofunguliwa kwa umma mwaka wa 2009, na inaendeshwa na watu wa kujitolea. Ziko hadithi zisizo na ubaya wowote: urafiki, safari, vichekesho. Ziko pia zenye ngono, mauaji na mateso yaliyoelezwa hatua kwa hatua.

Na si lazima uende mbali hivyo. Hadithi za Kiswahili zinatufikia kwa vipande kwenye Facebook na WhatsApp, sehemu ya kwanza, ya pili, mpaka ya arobaini, na juu yake mtu ameandika "18+".

Sasa sikiza jambo ambalo lilinifanya nifikiri. Wale wa Archive of Our Own wamejiwekea utaratibu. Mwandishi anatakiwa kuonyesha hadithi yake inafaa nani: watu wote, vijana, ama watu wazima. Kisha kuna mambo manne mazito ambayo lazima ayatolee onyo: ukatili ulioelezwa waziwazi, kifo cha mhusika mkuu, ubakaji, na ngono ya walio chini ya umri. Asipotaka kutaja, anaandika wazi kwamba amechagua kutotoa onyo, na msomaji anajua kwamba chochote kinaweza kuwa ndani. Ukibonyeza hadithi ya watu wazima unasimamishwa mlangoni kwanza: uendelee, ama urudi. Na wasomaji wenyewe wana usemi wao: usipopenda, usisome.

Simwaliki mtu aende huko. Kuna mambo kule ambayo mwamini hana biashara nayo. Hilo la nne nililotaja, hata likiwa la kubuni, hakuna onyo linaloweza kulisafisha mbele za Mungu. Lakini katika Luka 16:8 Bwana wetu alisema kwamba watu wa dunia hii wanaweza kuwatangulia wana wa nuru kwa busara. Hawa wameketi wakaulizana: msomaji akiumia, nani alikuwa na wajibu gani? Sisi kanisani tumewahi kuulizana hivyo kuhusu vitu tunavyotumiana?

1. ANAYEANDIKA: AWEKE UKINGO

Kumbukumbu la Torati 22:8 inaagiza kwamba mtu akijenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa, ili mtu akianguka damu isihesabiwe juu ya nyumba ile. Paa za wakati ule zilikuwa tambarare, na watu walizitumia. Rahabu alikuwa na mabua ya kitani juu ya paa (Yoshua 2:6). Petro alipanda darini kuomba (Matendo 10:9). Mungu hakukataza paa. Alimwambia mwenye nyumba: wewe unajua mwisho wa paa uko wapi, mgeni hajui, hasa usiku. Basi weka kitu cha kumzuia.

Niliposoma mambo ya biashara chuoni tulifundishwa kwamba mwenye mali anajua kasoro ambazo mnunuzi hawezi kuziona, na uaminifu wake unapimwa hapo. Sisi wa Keringet hatuhitaji chuo kulielewa hilo. Kila mmoja wetu anajua gunia la viazi lililopangwa vizuri juu, na chini ni vilivyooza na vile vya kijani. Onyo la kweli ni kumfungulia mnunuzi gunia aone mpaka chini.

Hata serikali inaijua kanuni hii. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inataka pakiti ya sigara iwe na onyo. Bodi ya Kuainisha Filamu (KFCB) inaweka alama za GE, PG, 16 na 18. Kanuni za utangazaji zinataka kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku runinga zionyeshe vitu vinavyofaa familia nzima.

Lakini kuna ujanja umeingia. Watu wengine wanaandika "18+" kwa herufi kubwa na rangi nyekundu, si ili mtoto arudi, bali ili watu waje mbio. Huo si ukingo tena. Wameulaza ukawa ngazi. Na tusijidanganye: onyo haligeuzi sumu kuwa maziwa. Kazi yake ni kusema ukweli juu ya kilichomo. Kilichomo kinabaki kilivyo.

2. ANAYESOMA: ATUMIE MACHO YAKE

Hapa ndipo swali la yule kijana linapojibiwa. Soma 1 Wakorintho 10:25-28 polepole. Kule Korintho nyama nyingine iliyouzwa sokoni ilikuwa imetolewa sadaka kwa sanamu. Paulo anasema: nunua, kula, usiulize-ulize. Lakini mtu akikuambia, "Hii imetolewa kwa sanamu," basi usile, kwa ajili ya huyo aliyekuambia na kwa ajili ya dhamiri.

Umeona? Nyama ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa umeambiwa. Kabla ya kuambiwa ulikuwa mlaji tu, lakini baada ya kuambiwa umekuwa mtu anayechagua. Kwa hiyo, kijana wangu, kama hadithi haikuwa na onyo ukakutana na uchafu katikati, aliyekuficha ana hesabu yake, na wewe funga utoke. Lakini kama onyo lilikuwepo, ukalisoma, ukabonyeza "endelea", usimtafute mwandishi. Mwandishi alishamaliza sehemu yake. Mithali 22:3 inatofautisha mwerevu na mjinga kwa jambo moja tu: wote wawili wako njia moja yenye hatari, ila mmoja anaiona anajiepusha, mwingine anapita akaumia.

Tena ule usemi wa "usipopenda, usisome" unafika nusu ya njia tu. Mwamini haulizi "napenda?" peke yake. Kuna vitu tunavipenda sana na vinatubomoa. Swali la Paulo katika mstari wa 23 ni kama kitu kinafaa na kama kinajenga.

Mtu ataniuliza: Pastor, na Biblia je? Waamuzi 19 si ina ubakaji na mauaji? 2 Samweli 13 je? Ni kweli, Biblia haifichi uovu. Lakini angalia inakupeleka wapi. Waamuzi 19 inamalizia kwa kuwataka watu walitafakari jambo lile, washauriane, waseme. Inataka ukasirike na ulie, haitaki uburudike. Na hata hivyo watu wa kale walijua kwamba si kila umri unabeba kila ukurasa. Jerome, msomi wa kanisa wa karne ya nne na ya tano, aliandika kwamba Wayahudi hawakumruhusu mtu kusoma Wimbo Ulio Bora, wala mwanzo na mwisho wa Ezekieli, kabla hajafika miaka 30. Hayo yalikuwa Maandiko Matakatifu, na bado waliweka mlango wa umri. Sembuse hadithi ya WhatsApp?

3. ANAYETUMA: USIFUNUE SHIMO

Wengi wetu hatuandiki hadithi, na wengine wanasema hata kusoma hawana muda. Lakini kutuma? Tunatuma asubuhi, mchana na jioni. Kutoka 21:33-34 inasema mtu akifunua shimo, au akichimba shimo, asilifunike, ng'ombe au punda akatumbukia, atalipa. Angalia vizuri: aliyechimba na aliyefunua wote wamehesabiwa. Shimo linaweza kuwa limechimbwa na mtu mwingine miaka mingi iliyopita. Wewe umeondoa tu kifuniko. Utalipa.

Unajua kifuniko kinaondokaje? Mwandishi ameweka onyo juu kabisa ya sehemu ya kwanza. Mtu ananakili kuanzia sehemu ya nne, pale panaponoga, anatuma. Onyo limebaki nyuma. Anayepokea hana mlango wa kusimamishwa. Na simu yake pengine iko mkononi mwa mtoto wa darasa la tano. Shule zilipofungwa Machi 2020 tuliwapa watoto simu wasome masomo, na nyumba nyingi simu hizo hazijarudi kabisa kwa wenyewe.

Nitaje jambo la karibu zaidi. Eneo letu la Kuresoi na jirani zetu wa Molo wameona moto. Mwaka wa 1992 nyumba zilichomwa, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Katika ushirika wetu tunao watu waliokimbia usiku na watoto mgongoni. Si kitambo mmoja wetu alituma kwenye kikundi cha kina mama kisa kirefu cha nyumba iliyochomwa na watu wakiwa ndani, pamoja na picha. Hakuna neno la kutahadharisha lililotangulia. Aliyetuma alitaka tuombee amani. Lakini mama mmoja alifungua akiwa peke yake jikoni, na siku tatu hakulala. Alitoka kwenye kikundi bila kusema, na ibada mbili hakuja. Tulijua sababu tulipomtembelea.

Yule mama hakuwa na imani haba. Alikuwa na kidonda, na mtu alikigusa gizani. Mstari mmoja tu ungetosha: "Wapendwa, kisa hiki kina moto na vifo." Angechagua kusoma na dada mwingine, ama kutosoma. Ndiyo maana siwezi kukubali mtu akisema maonyo ni mambo ya watoto wa mjini wasiotaka kuguswa. Kumwonya mtu ni kumpenda jirani yako.

Hata sheria ya nchi imeanza kumwangalia anayetuma. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inamkamata anayesambaza picha za utupu za mtu mwingine. "Mimi nilitumiwa tu" si jibu la kukutoa mahakamani. Sembuse mbele za Bwana.

4. SASA TUFANYE NINI?

Kwanza, katika vikundi vyote vya kanisa, kitu chenye damu, moto, ubakaji ama kifo kitanguliwe na mstari wa kusema kilicho ndani, na picha isitumwe. Kama hakijengi, hata mstari huo hautoshi. Usitume kabisa.

Pili, wazazi, usimnyang'anye mtoto simu na kumpigia kelele. Keti naye, mwambie, "Nisimulie hadithi unayosoma." Akisimulia bila shida, shukuru Mungu una mtoto anayependa kusoma, mtafutie vitabu zaidi. Akianza kuruka-ruka sehemu, hapo ndipo mazungumzo yenu yanaanzia. Na umfundishe kusoma alama zile za umri kabla ya kusoma hadithi.

Tatu, vijana mnaoandika, na najua mpo, andikeni. Lakini semeni ukweli mlangoni, na msiandike "18+" kama chambo.

Nne, sisi wa madhabahu. Kuna ushuhuda unaotolewa hapa mbele ukieleza dhambi ya zamani kwa dakika ishirini na wokovu kwa dakika mbili, na watoto wa Shule ya Jumapili wameketi mstari wa kwanza. Nimezungumza na wazee. Kuanzia sasa ushuhuda mzito utaelezwa kwa kiongozi wa ibada kwanza, na watoto watatangulia darasani.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Katika 1 Wakorintho 10:25-28, ni nini hasa kinachobadilisha wajibu wa mlaji?
2. Taja kitu ulichopokea kwenye simu wiki hii. Je, mwenye kukutuma alikiwekea ukingo?
3. Kuna tofauti gani kati ya hadithi inayotaja uovu ili tuuchukie na ile inayoutaja ili tuufurahie?
4. Nani katika ushirika wenu ana kidonda ambacho habari fulani zinaweza kukigusa? Msitaje jina. Mwombeeni kimya.

Andiko la kukariri: 1 Wakorintho 10:24.

Tuombe: Baba, tupe macho ya kuona onyo na moyo wa kurudi nyuma tukiliona. Utupe pia upendo wa kumwonya mwenzetu kabla hajaanguka. Katika jina la Yesu. Amina.