Uchanjwe Ukiwa Mjamzito? Maswali Manne Kabla ya Kupandisha Mkono wa Gauni

Swali linalozunguka kila kliniki ya wajawazito ni hili: "Hivi chanjo ni salama kwa mwenye mimba?" Naliheshimu swali hilo, kwa sababu mtu anayebeba maisha mawili ana haki ya kusita mara mbili. Lakini naona limeulizwa kwa upana mno. Ni kama kuuliza iwapo uyoga unalika: upo unaolika, na upo unaoua. Zipo chanjo anazopewa mama katika ujauzito miaka nenda miaka rudi, zipo anazokatazwa mpaka ajifungue, na zipo ambazo daktari huzipima kwa kila mama peke yake. Anayeuliza kwa jumla atajibiwa kwa jumla, na jibu la jumla halimwondolei mtu wasiwasi. Kwa hiyo mimi huigawanya hofu hiyo moja kubwa katika maswali manne, na kila sindano inabidi iyajibu yote. Inazuia ugonjwa gani, na ugonjwa huo uko karibu nami kiasi gani? Ndani ya kichupa mna nini? Ni wajawazito gani wameshaipata, na ikawaje? Na mimba yangu ina umri gani sasa? Nitayapitisha maswali hayo kwenye sindano ya pepopunda, kwa kuwa ndiyo ambayo mama wa Tanzania au Kenya hukutana nayo kwanza kliniki, na ndiyo iliyozushiwa mengi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Bakteria wa pepopunda hujihifadhi katika hali ya mbegu ndogo sana ndani ya udongo, vumbi na kinyesi cha wanyama, na mbegu hizo hudumu miaka. Kwa mtoto mchanga mlango wao ni kitovu: kikikatwa kwa wembe usio safi, kikifungwa kwa uzi uliookotwa, au kikipakwa majivu, udongo au samadi ili kikauke haraka. Mtoto huzaliwa mzima, hunyonya vizuri siku mbili za mwanzo, halafu kati ya siku ya 3 na ya 28 taya hukaza, ananyonya kwa shida, kisha hanyonyi kabisa, na mwili unakakamaa na kushtuka kwa mguso mdogo tu. Asipopata matibabu, karibu kila mara hufa. Liko jambo moja kuhusu ugonjwa huu ambalo kwangu linabeba uzito kuliko yote: hauambukizwi kutoka kwa mtu hadi mtu. Kwa surua, watoto wengi wa mtaani wakichanjwa, hata yule ambaye hakuchanjwa hupata kivuli cha wenzake. Pepopunda haina kivuli hicho. Hata majirani wote wakichanjwa, udongo wa uani kwako unabaki vilevile. Mtoto mchanga hana kinga ila ile aliyopewa na mama yake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 1988 watoto wachanga wapatao 787,000 walikufa kwa pepopunda. Mwaka 2018 makadirio yalikuwa yameshuka hadi 25,000 hivi. Uganda ilithibitishwa kuitokomeza pepopunda ya mama na mtoto mchanga mwaka 2011, Tanzania mwaka 2012, Kenya mwaka 2018, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2019. Hapo ndipo wengine huuliza, na wana hoja: kama imetokomezwa, ya nini kuendelea kudungana? Jibu limo katika maana ya neno lenyewe. Kutokomeza hapa ni kuwa na chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, katika kila wilaya. Siyo sifuri, wala siyo kwamba mbegu zimekwisha ardhini. Ndui iliondoka duniani kwa sababu makao yake yalikuwa binadamu tu. Pepopunda makao yake ni ardhi, na ardhi haichanjwi. Usafi wa kujifungua na sindano za akina mama ndivyo vilivyoishusha idadi ile, na vikilegea itapanda tena.

Swali la pili ni kilichomo kichupani. Sindano inayotolewa sasa kliniki kwa kawaida hukinga pepopunda pamoja na dondakoo. Ndani yake hamna mdudu aliye hai. Mna sumu ya bakteria iliyokwisha kuondolewa makali, kiasi kwamba haiwezi kumfanya mtu augue, ila mwili huitambua na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Hali ni tofauti kwa chanjo zenye virusi au bakteria hai waliodhoofishwa, kama ya surua na rubela au ya kifua kikuu. Hizo mjamzito hapewi, na kwa ile ya surua na rubela mwanamke hushauriwa asishike mimba kwa mwezi mmoja baada ya kuchanjwa. Sababu ni tahadhari: rubela halisi ikimpata mama katika miezi ya mwanzo inaweza kumharibia mtoto macho, masikio na moyo, na hata virusi waliodhoofishwa hakuna anayetaka kuwajaribisha kwa mimba. Kwa hiyo anayesema "kuna chanjo mjamzito hatakiwi kupewa" anasema kweli. Anapokosea ni pale anapolihamishia neno hilo kwenye sindano isiyo na kitu chochote kilicho hai.

Na kwa nini achanjwe mama, asingojewe mtoto? Kwa sababu kalenda haingoji. Chanjo ya kwanza ya mtoto yenye kinga ya pepopunda hutolewa akiwa na wiki 6, na pepopunda ya watoto wachanga huua ndani ya wiki 4 za mwanzo. Pengo hilo hujazwa na mama peke yake. Kingamwili anazotengeneza hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto, zaidi katika miezi mitatu ya mwisho, hivyo mtoto anazaliwa akiwa tayari na silaha mkononi.

Swali la tatu, la ushahidi, ndilo ninaloliona la haki kuliko yote, na historia inatupa sababu. Kuanzia mwaka 1957 dawa ya thalidomaidi iliuzwa Ujerumani na kwingineko, na wajawazito wakaimeza kutuliza kichefuchefu. Kufikia mwaka 1961 ilipoondolewa sokoni, maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa na viungo pungufu. Ile haikuwa chanjo, lakini funzo lake ni la kila kitu kinachoingia mwilini mwa mjamzito: asipewe kwa kubahatisha. Sindano ya pepopunda haikubahatishwa. Katika miaka ya 1960, kijijini Colombia, wanawake waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa chanjo ya pepopunda na wengine chanjo ya mafua ili ziweze kulinganishwa. Kwa akina mama waliopata chanjo ya mafua, watoto wapatao 78 katika kila 1,000 walikufa kwa pepopunda. Kwa waliopata dozi mbili au tatu za pepopunda, hakufa hata mmoja. Tangu hapo sindano hii imetolewa kwa mamilioni ya wajawazito katika mabara yote, kizazi baada ya kizazi, na wengi wanaoijadili leo ni watoto wa mama walioipata.

Ushahidi wa kweli hutambulikana pia kwa jinsi unavyokiri mabaya. Mwaka 2022 kampuni ya GSK ilisimamisha majaribio ya chanjo yake mpya ya RSV, virusi vinavyoshambulia mapafu ya watoto wachanga, kwa wajawazito, baada ya kuonekana kwamba watoto njiti walikuwa wengi zaidi upande wa waliochanjwa. Kwangu tukio hilo ni sababu ya kuamini. Linaonyesha kuwa kuna wanaohesabu, na hesabu ikienda kombo, kazi inasimama. Vivyo hivyo, mama aliyesita kuchanjwa dhidi ya Uviko mwanzoni mwa mwaka 2021 hakuwa mjinga. Wajawazito walikuwa wameachwa nje ya majaribio ya mwanzo, na takwimu zilipatikana baadaye. Sindano ya pepopunda ilikwisha kuivuka hatua hiyo zaidi ya nusu karne iliyopita.

Sasa nije kwenye uvumi ambao hauwezi kurukwa. Mwaka 2014 maaskofu Katoliki wa Kenya walitilia shaka kampeni ya pepopunda iliyowalenga wanawake wa umri wa kuzaa, wakidai kuwa chanjo ilichanganywa na hCG, homoni ileile inayosomwa na kipimo cha mimba, ili kuwafunga wanawake uzazi. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Waswahili husema lisemwalo lipo, nami sipendi kumjibu mama kana kwamba ameota. Kilichopo ni hiki: nchini India, timu ya Profesa G. P. Talwar ilitafiti kwa miaka mingi chanjo ya kuzuia mimba, ambamo sehemu ya hCG iliunganishwa na sumu ya pepopunda iliyoondolewa makali ili mwili uitambue. Matokeo yalichapishwa waziwazi mwaka 1994. Hiyo ilikuwa chanjo nyingine, ya majaribio, kwa wanawake waliojua wanachopewa, na nguvu yake ilipungua kadiri kingamwili zilivyoshuka, uwezo wa kushika mimba ukarudi. Tena, kwa wanaotaja vipimo vya maabara kama ushahidi, vipimo vya kawaida vya hCG vimetengenezwa kwa damu na mkojo wa binadamu. Kukipima kichupa cha chanjo kwa kifaa hicho hakutoi jibu la kutegemewa.

Lakini hoja inayonitosha mimi haitoki maabara, inatoka kwenye kadi ya kliniki. Ratiba ya mama ambaye hakuwahi kuchanjwa ina dozi tano: ya kwanza mara anapofika kliniki, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6, ya nne na ya tano kila moja baada ya mwaka, au katika mimba zinazofuata. Ratiba hiyo imepangwa kwa matarajio kwamba mama atarudi na mimba nyingine. Ingekuwa sindano ya kufunga uzazi, nani angerudi na mimba ya pili kupokea dozi ya tatu? Tanzania, ambako wajawazito wamedungwa kwa miongo, ilihesabu watu milioni 44.9 mwaka 2012 na milioni 61.7 mwaka 2022. Hiyo si sura ya nchi iliyofungwa uzazi.

Zimebaki pingamizi mbili ninazozisikia kwa wenye nia njema. Ya kwanza: "Nitajifungulia hospitali, wembe wao ni safi." Vizuri sana, na ufanye hivyo. Ila uchungu unaweza kukushika usiku na gari likakosekana, na hata ukijifungulia mahali safi, kitovu kinaanguka ukiwa nyumbani, siku kadhaa baadaye, mikononi mwa kila anayekuja kumwogesha mtoto. Ya pili husemwa na mama mkwe au bibi: "Sisi tulizaa bila hizo sindano." Namjibu kwa adabu zote kwamba ni kweli, na kwamba waliozikwa wakiwa na siku saba hawapo kutoa ushahidi wao. Kizazi chake kiliwajua watoto waliokakamaa na kuacha kunyonya, hata kama nyumbani waliambiwa ni dege au shetani.

Swali la nne ni la wakati, nalo ni la vitendo. Kama hujui historia yako, anza kliniki mapema, kwa kuwa dozi mbili zinahitaji wiki 4 katikati, na ya pili itolewe angalau wiki 2 kabla ya kujifungua ili kingamwili zipate muda wa kuvuka. Dozi mbili hukinga kwa miaka 3 hivi, ya tatu hufikisha 5, ya nne 10, na ya tano hukufikisha mwisho wa umri wa kuzaa. Dozi za utotoni na shuleni nazo zinahesabika, kwa hiyo nenda na kumbukumbu zozote ulizonazo. Mweleze muuguzi kama uliwahi kupata mzio mkali baada ya sindano kama hii, kwani huyo ndiye asiyepaswa kuirudia. Wengine hupata maumivu ya mkono na homa ndogo kwa siku moja hadi tatu. Homa ikipanda au ikidumu, rudi kituoni, kwani kwa mjamzito inaweza kuwa malaria au ugonjwa mwingine.

Kwa wasomaji walio Uingereza, maswali ni yaleyale ila sindano zimeongezeka. Huko mjamzito hupewa ya kifaduro tangu mwaka 2012, ulipozuka mlipuko uliowaua watoto wachanga 14, na uchunguzi wa wajawazito zaidi ya 20,000 haukuona ongezeko la watoto kuzaliwa wafu. Tangu Septemba 2024 hupewa pia ya RSV kuanzia wiki ya 28, ambayo siyo ile iliyosimamishwa. Iulize kila moja maswali yake manne. Usiibebe moja kwa sifa za nyingine, wala usiikatae moja kwa makosa ya nyingine.

Sindano hii haiwezi kuchukua nafasi ya wembe mpya, mikono iliyooshwa na kitovu kilichoachwa bila kupakwa majivu. Inafanya kazi moja tu: inamtangulizia mtoto kinga mahali ambapo hakuna mwingine anayeweza kumfikishia. Kwa hiyo ukienda kliniki, fungua kadi yako kwenye sehemu ya pepopunda, hesabu tarehe zilizojazwa, kisha muulize muuguzi ipi imebaki na lini. Akiijaza, itunze kadi hiyo hata baada ya mtoto kukua. Mimba ijayo itaanzia pale ilipoishia hii.